Paja la Mazoezi na Fundi Aliyelijaza Upya

Jumatano ya tarehe 6 Novemba 2019, asubuhi, paja la mazoezi la zahanati ya mtaa lilikuwa gumu kiasi kwamba sindano haikuingia. Jambo hili limethibitishwa na muuguzi aliyelikabidhi likiwa laini siku iliyotangulia, na muuza mayai aliyepinda sindano juu yake, na mlinzi wa geti, ambaye baadaye alilikalia. Mengine yote yanatokana na masimulizi ya wahusika. Pale walipopingana, tofauti zao zimeachwa kama zilivyo, kwa kuwa katika mtaa huu hawajapata kutokea watu wawili waliokubaliana hata juu ya rangi ya pazia.

Aliyelifanya paja lile kuwa gumu ni mwanamke anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Makochi. Hakukusudia ubaya. Yeye ni fundi wa makochi, na fundi wa makochi hawezi kukaa chumba kimoja na kitu kilicholegea.

Ufundi aliupata kwa baba yake mdogo, aliyewahi kuchukua wavulana kadhaa wa ukoo awafunze kazi, wote wakamkimbia. Yeye aliletwa kufagia tu. Alifagia, akatazama, akarekebisha mkono wa kochi uliokuwa umeshindikana, na ufagio ukapewa mtu mwingine. Leo karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mumewe, watoto wao watatu na mama mkwe. Humo mna fremu za mbao zilizosimama kama mifupa, springi, mabunda ya sponji, magunia ya usumba wa nazi, na sindano iliyopinda mfano wa mwezi mchanga, ndefu kuliko kijiko cha kupakulia. Misumari midogo huiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Kwa sababu hiyo huzungumza kidogo awapo kazini, na watu wengi humdhania mpole.

Fundi huyu wa sindano, hata hivyo, aliogopa sindano. Siku za chanjo ya watoto aliyekwenda nao ni mumewe. Yeye alibaki nje akiutazama ukuta, na hata alipochomwa mwenyewe aliugeukia ukuta. “Kochi halilii,” ndiyo hoja yake ya pekee, na hajawahi kuiongezea neno.

Mumewe ni mwalimu wa kuendesha magari. Jina lake mtaani ni Mwalimu Breki, kwa kuwa mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kila aonapo hatari, hata akiwa ameketi sebuleni na hatari yenyewe ni mtoto aliyebeba bakuli. Mtoto wa tatu alipoacha kunyonya, Mama Makochi alimwambia kwamba kwa upande wake safari ya uzazi imesimama, na kama itaendelea atamjulisha. Mwalimu Breki akajibu vizuri sana: “Wewe ndiye dereva. Mimi nipo kiti cha pembeni.” Lakini gari la mwalimu, kama ijulikanavyo, lina breki ya pili upande wa pembeni, na kila mama yake alipomuuliza juu ya mjukuu mwingine alijibu, “Tutaona, Mama.”

Mama mkwe alikuwa na hoja moja, nayo ni ukimya. “Nyumba imepoa,” alisema kila wiki. “Imenyamaza mno. Haina mtoto.” Wasimulizi wote wanakubali kwamba mara nyingi ilimbidi aseme hivyo kwa kupaza sauti, kwa sababu mjukuu wake wa kiume alikuwa akipiga ndoo.

Tatizo halisi lilikuwa mapokezi ya zahanati. Aliyeketi pale ni Shangazi, yaani shangazi yake Mwalimu Breki, mwanamke mkarimu, mchapakazi, mwenye sauti ambayo haikuumbwa kwa ajili ya chumba. Kila Mama Makochi alipofika kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, mambo yalikwenda hivi:

“Mke wa mpwa wangu! Karibu! Umekuja kwa ile ya kuzuia?”

Benchi zima hugeuka.

“Ndiyo, Shangazi.”

“Hebu kaa kule mwisho, mwanangu, upate nafasi ya kufikiri.”

“Nimeshafikiri.”

“Fikiri tena. Fikra ya kwanza huwa haijaiva. Na mama mkwe wako anakusalimia.”

Salamu ilikuwa ya kweli, kwani mawifi hao wawili walizungumza kwa simu kila asubuhi. Mama Makochi alifikiri pale mwisho wa benchi hadi wengine wote walipohudumiwa, na akifika nyumbani akakuta habari zimemtangulia na kuvua viatu. Mara moja zahanati ilifungwa akiwa bado anafikiri. Alirudi bila sindano, na kabla hajapata siku nyingine ya kuacha kazi, muda wa ile ya zamani ulikuwa umepita. Majuma yaliyofuata aligonga vidole vyake kuliko alivyogonga misumari. Haikutokea mimba, na hatimaye alichomwa. Lakini tangu hapo, akienda sokoni, alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya zahanati.

Ndipo alipofika muuguzi wa kuzunguka, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini na subira ya mtu anayefuma. Alileta habari kwamba ipo sindano fupi, ambayo dawa yake imo tayari ndani ya kichupa laini, na mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe nyumbani kila baada ya miezi mitatu. Aliyejifunza vizuri angeondoka na dozi za mwaka mzima ndani ya mkoba wake. Mafunzo yalikuwa ya juma lile tu. Baada ya hapo muuguzi angehamia zahanati nyingine pamoja na paja lake.

Mama Makochi alihesabu faida kwa haraka. Mwaka mzima bila benchi. Mwaka mzima bila kufikiri tena.

Siku ya kwanza, Jumanne, wanawake walikusanyika katika chumba cha nyuma. Paja la mazoezi lilikuwa mfuko wa kitambaa uliojazwa sponji, wenye umbo la paja kuanzia nyonga hadi gotini. Muuguzi alionyesha: tikisa dawa, bana kifuniko, finya ngozi, choma, minya taratibu, toa, usisugue. Zamu ya Mama Makochi ilipofika, alifumba macho na kuichoma meza.

“Mama,” alisema muuguzi, “meza haizai.”

“Najua, Sista. Ni mkono.”

“Si mkono, ni macho. Lichukue paja hili nyumbani, na hizi za mazoezi zenye maji. Lizoee. Kesho uje ufanye ukiwa unatazama.”

Kosa la muuguzi, kama lilikuwapo, ni hilo: alimkabidhi fundi wa makochi kitu kilicholegea.

Mama Makochi alilibeba chini ya kanga na kuliweka juu ya meza ya kazi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa mbele yake kwa nia safi, sindano ya mazoezi mkononi. Akalifinya. Likabonyea na halikurudi. Mshono wa pembeni ulikuwa umeshonwa na mtu mwenye haraka, au mlevi. Sponji ilikuwa imekwisha katikati, ikaacha bonde. “Niliona aibu kwa niaba yake,” anasema. Aliufumua mshono kidogo, atazame ndani tu.

Jasiri haachi asili. Kufikia alasiri, sponji ya zamani ilikuwa sakafuni, na mahali pake palikuwa na usumba ulioshindiliwa kwa goti, tabaka la sponji ngumu ya viti vya ofisi, na juu yake ngozi ya plastiki ya rangi ya kahawia iliyovutwa hadi ikalia. Pembeni alipitisha mkanda wa urembo. Katikati alitia kifungo, kile kifungo kikubwa kilichozama kinachotambulisha makochi yake mtaa mzima. Alipoulizwa kuhusu kifungo hicho, alijibu: “Sikumbuki kukiweka. Mkono ulikwenda wenyewe.”

Mama mkwe aliingia akitafuta mkasi wake. Paja lilikuwa limefunikwa kitambaa, upande wa goti ukichungulia.

“Mama yangu wee! Mguu wa nani huu?”

Mama Makochi alikuwa na misumari mdomoni, na hadi aitoe yote mama mkwe alikuwa ameshafika uani na kurudi na mwiko.

“Ni wa zahanati, Mama.”

“Zahanati siku hizi mnapewa vipande?”

“Ni wa bandia. Wa kujifunzia.”

Mama mkwe aliubonyeza kwa mwiko. Haukubonyea. Akainama.

“Mbona una kifungo?”

Akaongeza swali la pili, la paja lenyewe kufanya nini pale, na Mama Makochi akaeleza yote kwa ukweli: dozi, mwaka, nyumbani. Mama mkwe alisikiliza mwiko ukiwa umesimama hewani.

“Yaani ukijichoma mwenyewe humu ndani, nani atajua?”

“Mimi, Mama.”

“Na sisi?”

“Nanyi mtajua mambo yenu.”

Mama mkwe akaondoka bila mkasi. Simu ya asubuhi na Shangazi, siku hiyo, ilipigwa mara ya pili.

Kesho yake, yaani Jumatano, aliyetangulia kwenye mazoezi alikuwa muuza mayai, mwanamke mwenye mikono iliyozoea kushika vitu kwa tahadhari. Alitikisa, akabana kifuniko, akajaribu kufinya ngozi, ikakataa kufinyika. Akachoma. Sindano ikapinda kama mguu wa panzi na maji yakamrukia usoni.

“Sista,” alisema akijipangusa, “hili si paja. Hili ni stuli.”

Muuguzi alijaribu kulinyanyua kwa mkono mmoja, akahitaji miwili. Akaligeuza. Akauona mkanda wa urembo. Akakiona kifungo.

“Nani amelitia kifungo?”

Hapakuwa na haja ya kujibu; nusu ya wanawake wale walikuwa na kifungo cha namna hiyo sebuleni kwao. Vichwa viligeuka kwa pamoja.

“Sista,” alisema Mama Makochi, “lilikuwa limelegea.”

“Paja la binadamu hulegea, mama! Ndiyo maana tunalifinya!”

“Hilo hukulitaja jana.”

“Sikujua kama linahitaji kutajwa!”

Walijaribu kulifumua. Lakini Mama Makochi hushona kwa uzi wa nailoni uliokunjwa maradufu, na kila mshono huufunga fundo kana kwamba mteja ana mpango wa kutoroka. Mkasi wa zahanati ulitoka meno. Hatimaye muuguzi aliomba mkate wa mlinzi wa geti, mkate mzima ambao haujakatwa, akaufunika plastiki, na wanawake wakafanya mazoezi juu yake. Mlinzi aliufuatilia kwa macho kila ulipochomwa. Alipoona hautarudi karibuni, alitafuta mahali pa kukaa, akalipata paja, na ushahidi wake ni kwamba hajapata kukalia kitu kizuri kama kile tangu aanze kazi.

Muuza mayai alifaulu. Wengine wakafaulu. Zamu ya Mama Makochi ikafika, na safari hii alikuwa ametoa macho kama taa. Alitikisa sawasawa. Alibana sawasawa. Alichoma mkate kwa pembe nzuri kabisa. Kisha mkono wake wa kushoto, bila kuulizwa, ukaenda chini ya mkate kuipokea ncha upande wa pili, ili uivute na kufunga fundo.

“Unatafuta nini huko chini?” aliuliza muuguzi.

“Natafuta... hapana. Sitafuti.”

“Rudia.”

Akarudia. Mkono ukaenda tena. Mazoea yana taabu: miaka yote hiyo, kila sindano aliyoiingiza upande huu ilikuwa na wajibu wa kutokea upande ule. Mara ya tatu alipitisha kidole chini hadi akautoboa mkate, na mlinzi akatoka nje.

Muuguzi aliweka kalamu mezani. Sauti yake ikashuka zaidi ya kawaida.

“Mama, siwezi kukuruhusu. Ukilifanya hilo mguuni pako utajiumiza. Utaendelea kuja hapa, uchomwe na mtu mwingine. Si vibaya.”

Ilikuwa vibaya. Mama Makochi anasema kwamba wakati ule alilisikia benchi, lote, na mwisho wake, na ile sauti ya mapokezi. Na kana kwamba ameitwa, mwenye sauti akatokea mlangoni, akifuatana na mama mkwe, na nyuma yao Mwalimu Breki, aliyeacha mwanafunzi wake ndani ya gari katikati ya somo la kurudi nyuma. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mkewe ameleta mguu wa mtu nyumbani.

“Afadhali!” alisema Shangazi, aliyesikia neno la mwisho la muuguzi. “Aje kwangu kama kawaida. Nitampangia nafasi yake.”

“Ile ya mwisho,” akanong’ona muuza mayai.

“Mwanangu,” mama mkwe alimwambia Mwalimu Breki, “wewe ndiye mume. Sema.”

Mwalimu Breki alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, na mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu. “Tutaona, Mama,” alianza.

Mama Makochi alisimama. Mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja, jambo ambalo mumewe anakiri lilimtisha.

“Mama, kwa heshima zote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumbo hili mmeligeuza kochi la sebuleni, kila apitaye anakaa kidogo, anatoa maoni, anaondoka. Nikitaka mtoto nitasema. Nisipotaka nitajichoma sindano, na sitapiga mbiu. Shangazi, mimi sihitaji mwisho wa benchi ili nifikiri. Huwa nafikiri nyumbani, na huwa namaliza.”

“Mimi nilishamwambia yeye ndiye dereva,” Mwalimu Breki alimweleza mama yake.

“Basi ondoa mguu kwenye breki,” alisema mkewe.

Kisha akamgeukia muuguzi. Muda wa sindano yake ulikuwa umefika juma lilelile. Aliomba ajichome ile ya kweli, kwenye paja lake mwenyewe, mbele ya kila mtu, macho wazi. Akivuta upande wa pili, basi na arudi kwenye benchi maisha yake yote bila kulalamika.

Muuguzi alimkabidhi dozi moja ya kweli. “Ukikosea, nakushika mkono.”

“Nishike.”

Aliketi, akafunua paja kwa stara ya kutosha, akatikisa dawa. Mwalimu Breki, ambaye hawezi kuona mtu ameshika chombo bila kumwelekeza, akaanza: “Taratibu... usikimbilie... angalia pembeni kwanza...”

“Baba, nyamaza au toka,” alisema muuguzi.

Mama Makochi alibana kifuniko. Akaifinya ngozi yake, na wasimulizi watatu wanakubaliana kwamba hapo aliguna kwa mshangao, kama fundi aliyekutana na malighafi mpya. Sindano ikaingia. Hakufumba macho. Mkono wake wa kushoto ukaiachia ngozi, ukaanza safari yake kuelekea chini ya paja.

“Hapana!” walipiga kelele wote kwa pamoja, akiwemo Shangazi, akiwemo mama mkwe, ambao baadaye walikana.

Mkono ukasimama. Ukabaki hewani kama mbwa aliyeitwa na mabwana wawili. Kisha ukarudi juu pole pole, ukaifinya ngozi upya. Akaiminya dawa taratibu hadi kichupa kikawa bapa, akachomoa, hakusugua, akaitupa sindano katika kopo lenye kifuniko.

“Imekwisha?”

“Imekwisha,” alisema muuguzi.

“Hiyo tu?”

“Ndiyo hiyo tu.”

“Nimeutazama ukuta wote ule kwa ajili ya hiyo tu?”

Hapo ndipo Mwalimu Breki alipoanguka. Yeye anashikilia kwamba aliinama kuokota funguo. Muuza mayai anasema alishuka kama gunia. Mlinzi, aliyekuwa amerudi kuchungulia, alilisukuma paja la mazoezi kwa mguu wake, na kichwa cha mwalimu kikatua juu yake bila kishindo. Alama ya kifungo ilimkaa kwenye paji la uso hadi jioni, na mwanafunzi wake, aliyekutwa bado anarudi nyuma, hakuuliza kitu.

Muuguzi alitia dozi ndani ya mkoba wa Mama Makochi, akamweleza tena kuhusu tarehe, na kumwambia kwamba akibadili mawazo wakati wowote, aache tu. Hadaiwi maelezo na mtu. Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya chini, lakini Shangazi aliyasikia, na yapo masimulizi kwamba juma lililofuata alianza kuwaita wanawake kwa namba badala ya habari zao. Yeye mwenyewe anasema ni agizo la mganga mkuu. Paja liliachwa zahanati na kuwa kiti cha mlinzi. Muuguzi alipelekewa jingine, laini kwa makusudi, lililoshonwa na Mama Makochi kwa mateso makubwa ya nafsi.

Siku inapofika, Mama Makochi hufunga mlango wa karakana. Mara ya kwanza mama mkwe aligonga.

“Unafanya nini humo?”

“Mambo yangu, Mama.”

Kisha mama mkwe akasikika akiwafukuza watoto ukumbini: “Tokeni hapo! Mama yenu ana kazi!” Akavuta kiti, akakaa na mgongo mlangoni. Amefanya hivyo kila mara tangu siku ile, na hajaulizwa sababu, wala hajaitoa.

Kama kutakuwa na mtoto wa nne, haijulikani. Mama mkwe hajui, Shangazi hajui, na Mwalimu Breki, alipoulizwa, alisema hajui. Mama Makochi hajasema.